Miguu ya Kuku Mfukoni

Jamani, hili nilitaka nife nalo, hata leo nikilikumbuka masikio yananiwaka, lakini kwa kuwa mke wangu ameshaanza kuwasimulia na chumvi anazidisha, bora niseme mwenyewe.

Nilikuwa Guangzhou, miaka ya tisini inaishaisha, nimefuatana na shangazi yake Stella, binti niliyekuwa namtaka. Shangazi alikuwa mzoefu wa kununua nguo kule, na kwenye ukoo wao akisema huyu hafai, basi hufai. Mimi nilishawaambia nimelelewa kwa mjomba, nyumba kubwa, watumishi wawili. (Mjomba gani? Nililelewa kwenye kituo cha masista, watoto tuliobaki baada ya vita vya Kagera, kitanda kimoja tunalala wawili.)

Sasa laoban, yaani yule bosi aliyetuuzia suruali, akatualika chakula cha mchana kwenye mgahawa mmoja, barabara ya Huanshi Zhonglu. Nikala, nikamaliza, akanijazia. Nikamaliza, akajaza tena. Shangazi akaninong'oneza, "We Deo, bakiza kidogo! Hawa ukimaliza wanajua hujashiba."

Nibakize! Kituoni Sista Mkuu alikuwa anapita nyuma ya mabenchi na fimbo, ukibakiza hata harage moja unalikuta kesho yake asubuhi, limelala, badala ya uji. Mkono wangu haukujua kubakiza. Nikafanya tulichokuwa tunafanya utotoni tukizidiwa: nikatazama kushoto, nikatazama kulia, mguu wa kuku ukaingia mfuko wa koti. Mmoja tu, nikajiambia. Laoban kuona sahani nyeupe akafurahi kweli, "Chi, chi!" (kula, kula), akaniagizia sinia zima la miguu ya kuku, langu peke yangu, basi ukaingia wa pili, ukaingia wa tano, mfuko wa kulia ukajaa nikahamia wa kushoto, mchuzi unanichuruzika mpaka pajani na mimi natabasamu tu kama bwana harusi.

Hapo ndipo jikoni wakagonga kengele ya kuwaita wahudumu, mlio ule ule wa kengele ya kituoni ya kukagua sahani.

Miaka yote ile tangu nitoke kituoni, lakini miguu yangu haikuniuliza. Nilisimama wima, sahani nimeinyanyua kifuani ikaguliwe, na kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza nikasema, "Nimemaliza, Sista!" Ukumbi mzima ukanigeukia. Mguu wa kuku ukadondoka sakafuni. Ukafuata wa pili. Wa tatu ukatua kwenye kiatu cha laoban.

Laoban alicheka mpaka akafuta machozi, akaagiza nifungiwe chakula kwenye boksi (kumbe ni ruhusa, ningeomba tu!). Shangazi hakucheka. Tulipofika barabarani akaniuliza, "Huyo mjomba wako alikuwa anavaa shela na rozari?"

Nikajua Stella ndiyo basi tena. Nikamweleza yote, kengele, harage, mama ambaye hata sura yake siikumbuki, nikalia pale pale njiani, mtu mzima nanuka mchuzi.

Shangazi akanipa leso. "Ungesema mapema, baba," akasema. "Sisi tulikuwa tunakuogopa na watumishi wako wawili. Stella mwenyewe hata kupiga pasi hajui."

Suti ya harusi alinishoneshea yeye. Siku yenyewe, kanisani, jasho likanitoka, nikapeleka mkono mfukoni nitafute leso, hauingii. Nikajaribu kushoto, nikajaribu kifuani. Mifuko yote imeshonwa ikazibwa! Namtazama Shangazi, yeye anaangalia altare kama malaika.

Na ukumbini akanipakulia pilau kwa mkono wake, mbele ya watu, akasema, "Ukishiba, mwanangu, bakiza. Hapa hakuna anayekuja kukagua."

Nilijitahidi, jamani. Nikabakiza punje tatu, nikazitazama, nikazila. Kwa hiyo kudanganya nilikotoka nimeapa sirudii tena. La kubakiza, sijaapa kitu.