Ukweni wanataka niseme mikono ya mama mkwe haikuniharibu mguu

Admin, jina langu lifiche lakini maneno yangu usiyapunguze, nimeyabana kifuani siku nyingi. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, kwetu Kiswere, nimeolewa huku upande wa Mingoyo. Nina watoto wanne na nina matende mguu wa kushoto. Ndiyo, matende, nimeandika mwenyewe. Hapa mtaani wanasema "mguu una matatizo kidogo", mimi hayo mambo ya kuzungukazunguka nimeyachoka.

Mama mkwe wangu ni mkandaji. Mwanamke akijifungua, anaitwa yeye, anakuja na majani yake na kitambaa, anakukanda kwa maji ya moto mpaka unasimama. Mimi kanikanda uzazi zote nne, na mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo huyu ndiye mama niliyebaki naye. Baada ya uzazi wa pili nikapata homa na mtoki, ule uvimbe wa kinenani, mguu ukavimba na haukurudi. Akasema, "Maji yameshuka huku, tuyatoe." Akanikanda mguu vilevile anavyokanda mwanamke aliyetoka kujifungua: maji ya moto, kwa nguvu zote, kutoka pajani kushuka chini, ati maji yatokee vidoleni. Yalipogoma akanichanja chale kwenye kifundo. Zile chale zikawa vidonda, homa zikawa haziishi, ngozi ikawa ngumu. Miaka sita niliburuza madera marefu ili watu wasione. Alifanya kwa mapenzi, hilo nalijua, na ndiyo maana linaniuma.

Aliyenitoa huko ni nesi mmoja mtu mzima kule Lindi mjini. Aliniambia, "Mwanangu, mguu huu haukandwi, unapapaswa." Akanionyesha: unaanza juu kabisa kwenye paja kufungua njia, halafu unapandisha polepole kutoka chini kwenda juu, mkono mwepesi kama unampaka mtoto mchanga mafuta. Siku ya homa huupapasi. Kila siku unauosha kwa sabuni, unakausha katikati ya vidole, unauinua juu ya mto. Hakunidanganya kwamba utapona. Lakini homa zimekoma, uvimbe umepungua, nalima mwenyewe, na madera yangu yote nimeyapunguza urefu. Anayetaka kutazama atazame.

Sasa binti yangu wa miaka 17, yuko sekondari, mwezi uliopita kapata homa, mtoki, na unyayo ukaanza kujaa. Jamani, nililia mpaka sauti ikapotea. Nikamkimbiza hospitali, akapewa dawa, homa ikaisha, tukaambiwa tumewahi, tuoshe na tupapase vilevile. Tukawa tunafanya, asubuhi na jioni. Wiki iliyopita narudi kutoka shamba, nakuta sufuria inachemka uani, mtoto amekaa kwenye kigoda, mguu nje. Bibi yake ana wembe mpya mkononi, bado uko kwenye karatasi yake.

Niliipindua ile sufuria. Maji yote chini.

"Unamwaga maji yangu?" akasema mama mkwe.

"Nisamehe mama. Lakini mguu huu hauchanjwi wala haukandwi. Lete mkono wako nikuonyeshe tunavyofanya."

Akaurudisha mkono wake nyuma kama nimemuunguza. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo mguu wako niliuharibu mie?"

Ndugu zangu, ningeweza kusema hapana. Neno moja tu. Mdomo haukufunguka. Yule mama, ambaye mikono yake imekanda nusu ya akina mama wa kijiji hiki, akakaa chini akalia mbele ya mjukuu wake.

Tangu siku hiyo hali chakula cha kwangu. Mume wangu kaitisha kikao na baba zake wadogo, wakaamua: Ijumaa hii baada ya sala nikae mkekani mbele ya wazee, nimshike mama mikono, nitamke kwamba mikono hiyo haikuniharibu mguu. Nisipotamka nirudi Kiswere. Mume wangu ananibembeleza, "Ni maneno tu mke wangu, yaseme yaishe." Yangekuwa maneno tu ningeshayasema. Lakini baba mdogo mmoja alimalizia palepale kikaoni, nikiwa nasikia, "Akishatamka hivyo, mtoto naye akandwe, maana kipingamizi kitakuwa hakipo."

Mmeelewa? Nikimfariji mama mkwe kwa uongo, Jumamosi asubuhi wembe uko kwenye kifundo cha mwanangu. Kupiga magoti nitapiga. Radhi kwa yale maji niliyomwaga nitaomba, hata mara mia. Lakini kuhusu mguu wangu mimi ndiye shahidi, nimeutembelea mimi, na ushahidi wa uongo sitoi juu ya mwili wa mtoto wangu.

Wale wa "mama mkwe ni mama, nyamaza ulinde ndoa yako", piteni tu, ushauri wenu ninao tayari, naupewa hapa nyumbani bure. Ninaowataka ni wale wenye akili za kike na huruma: nitausemaje ukweli mbele ya wazee bila kumvunja yule mama, ambaye nampenda? Nishaurini, nifanye nini? Ijumaa ni keshokutwa. Mabegi nimefunga mawili, langu na la binti yangu.