Kitenge Kati ya Mkanda na Mfupa

Iko siku moja ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu. Ilikuwa Oktoba. Jakaranda za Lubumbashi zilikuwa zimemwaga maua mpaka barabara ikawa zambarau, na mvua ya kwanza ilinukia kwa mbali bila kushuka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mpaka leo nikifumba macho naliona lile joto likitetemeka juu ya lami kama maji, na katikati yake gari dogo la kijani linanisubiri.

Tuliliita Kapenta, kwa jina la wale samaki wadogo wakavu wanaoletwa kwa magunia kutoka Pweto. Lilikuwa gari la mashindano la kiti kimoja, jembamba hivi kwamba uliliingia kama mtu anayevaa suruali: mguu mmoja, kisha wa pili, halafu unateleza chini mpaka umelala nusu chali, viwiko vimebanwa kwenye mbavu. Mle ndani huwezi hata kujikuna pua. Ndiyo maana hakuna aliyejifunga mikanda mwenyewe. Alitufunga Ba Mwape.

Ba Mwape alikuwa fundi wa reli aliyestaafu, mzaliwa wa Kasenga, mtu wa vidole vinene na sauti ndogo. Gereji yake ilikuwa Naviundu, hatua chache kutoka mtoni. Alikuwa na desturi yake. Kwanza alikukagua mifukoni, akatoa funguo, rozari, hata kipande cha karatasi. Kisha aliinama juu yako na kusema, "Toa mupepo yote." Ukishusha pumzi mpaka kifua kibaki kitupu, ndipo alipovuta mikanda. Mwishoni aligonga kofia yako mara mbili kwa kifundo cha kidole. Kofia isipogongwa hivyo mara mbili, injini haikuwashwa. Sisi vijana tulidhani ni mazoea ya uzee tu.

Mwaka ule kundi letu lilikuwa na gari hilo moja na nafasi moja katika mashindano ya Jumapili. Jumamosi mimi na kaka yangu Kalala, ambaye ndiye baba yako, tulipaswa kuzunguka uwanja kila mtu peke yake, na atakayekuwa na kasi zaidi ndiye apewe nafasi. Niliitaka nafasi ile mwanangu, niliitaka kuliko usingizi. Hakuna msichana aliyewahi kuketi katika Kapenta siku ya mashindano.

Alhamisi Ba Mwape akaitwa Kasenga kwenye matanga ya dada yake. Akatuachia neno moja: "Muntu asiingie mule mpaka nirudie."

Jumamosi ikafika, yeye hajarudi. Kalala akaingia wa kwanza, mimi nikamfunga vibaya vibaya, akazunguka vizuri na akarudi anacheka. Zamu yangu ilipofika, mikanda ikanipwaya. Ilikuwa imepangwa kwa mwili wake, na baba yako alikuwa mpana kama mlango. Kuisogeza kule nyuma inakoshikiliwa kwenye chuma ilikuwa kazi ya karibu saa nzima, tena kazi ya Ba Mwape.

"Yaya, lete bitenge bya mama," nikamwambia kaka yangu.

Kalala akashika kiuno. "Weye kapenta ndani ya Kapenta! Kula bukari kwanza, unenepe, ndiyo uje kushindana na mi."

"Funga tu. Uko unaogopa nitakupita?"

"Mi niogope weye? Shika bitenge byako."

Usinicheke. Kila mwanamke wa mji huu anajua kwamba kitenge kinashika mtoto mgongoni mpaka sokoni na kurudi, mama akiinama, akipanda, akikimbia mvua. Nami nilibebwa hivyo. Kwa hiyo nikakunja viwili nyuma ya mgongo wangu, na cha tatu nikakilaza juu ya tumbo na nyonga. Kalala akavuta mikanda juu yake. Ikakaza kweli. Nikasikia joto la ajabu, kama kwamba nimerudi mgongoni kwa mama, shavu langu kwenye jasho lake. Hakuna aliyegonga kofia.

Mizunguko miwili ya kwanza ilikuwa kama ndoto. Vichuguu vilipita pembeni, vyekundu, kimya, na sauti ya injini ikawa mbali kama ya nyumba ya jirani. Nilijua kwamba nina kasi kuliko kaka yangu. Nilikuwa natabasamu ndani ya kofia, mwanangu, natabasamu, wakati magurudumu ya nyuma yalipoacha lami. Vichuguu vikaanza kunizunguka polepole, kama watu wanaocheza. Kisha ukuta wa matairi ukaja.

Vile vitenge vikabanwa vikawa vyembamba kama karatasi, na mkanda ukabaki legevu. Nikateleza chini na mbele, na mkanda wa kiuno ukapanda kutoka kwenye nyonga ukaingia tumboni. Sikupiga kelele, kwa sababu sikuwa na pumzi. Nilisikia petroli inanukia na Kalala anakuja mbio akilia jina langu. Akatafuta kifungo asikione, kwa maana kilikuwa kimemezwa na kitambaa. Mikono yake ilipekua vitenge vya mama kama mtu anayepekua kabati. Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka tu ua moja la jakaranda lililokuwa limeganda kwenye bega lake.

Nililazwa wiki mbili. Daktari alisema tumbo limepondeka ndani na kwamba nimeponea padogo. Jumapili ile Kapenta hakwenda popote. Pua yake ilikuwa imevunjika, na baba yako alikaa chini kando ya kitanda changu bila kula.

Siku ya tatu Ba Mwape akaingia, bado ana vumbi la barabara ya Kasenga, na furushi la samaki wakavu mkononi. Akaketi. Nami nikaanza kujitetea kwamba mikanda ilikaza, kwamba kitenge kinashika watoto wa mji mzima.

"Mutoto," akanikatiza taratibu, "mama akibeba mutoto, anaweka muto katikati?"

"Hapana, Ba Mwape."

"Kitenge inamugusa mutoto mwenyewe. Weye mukanda yako ilishika nguo. Haikushika weye."

Nililia, lakini si kwa maumivu. Akaniwekea samaki juu ya meza, akaongeza, "Ukipona, hautaendesha. Utafunga benzako. Mikono yako ijifunze kwanza."

Msimu mzima nilifunga wenzangu, baba yako akiwa wa kwanza. Ndipo nilipojua, mwanangu, mwili wa mtu ulivyo laini chini ya mkono.

Sasa rudi mezani. Umeniletea mikanda miwili nikuchagulie, na asubuhi ulinibembeleza mimi shangazi yako, "Tantine, hii nyekundu inafanana na gari, tena iko laini." Ni laini kwa sababu jua limeula. Tazama mkanda ulivyopauka ukingoni, na lebo ya tarehe ya mwisho wa kutumika imekatwa. Binamu yako aliyekupa amekiri mwenyewe kwamba alipata ajali akiwa amefungwa mkanda huu. Mkanda uliokwisha kumwokoa mtu umemaliza kazi yake. Halafu sehemu yake ya kiuno inakazwa kwa kuvuta pembeni, na kiti chako ni chembamba; mkono utapita wapi? Mweusi ni mgumu na hauna sura, lakini una tarehe, na unakazwa kwa kuvuta juu, mahali penye nafasi.

Jumapili, kwenye mashindano yako, nitakufunga mimi. Upangwe kwa mwili wako, si wa mtu mwingine. Wa kiuno utatangulia, chini kabisa, juu ya mfupa wa nyonga, kamwe si juu ya tumbo. Halafu ya mapajani, inayokuzuia kuteleza. Ya mabega itafuata, imenyooka bila kujisokota, nawe utakuwa umetoa pumzi yote. Ukiona umebanwa mpaka unakasirika, basi tumefunga vizuri. Usiweke kitu katikati, hata kitambaa cha baraka cha bibi yako, nipe, nitakishika. Na kila jioni kabla ya hapo utakaa garini, ufumbe macho, ujifungue kwa mkono mmoja, mpaka mkono ukijue kifungo kama unavyokijua kinywa chako. Mimi nikichelewa, hata kama ni kwa sababu ya msiba, ningoje. Nafasi itarudi mwaka mwingine.

Chukua mkasi huo. Ukate ule mwekundu mwenyewe, vipande vidogo, asije mwingine akaupenda.

Vizuri.

Mungu aliyeniachia pumzi siku ile akuwekee yako. Akupe kasi na akupe kurudi. Akushike mahali ambapo mkanda haufiki, nami nitakushika hapa pengine pote. Lete kichwa, nikigonge mara mbili.