Bwana Francis na Kanuni ya Sambusa

Miaka yote hii hapa Walthamstow, Landani, naishi nyumba moja na Bwana Francis. Yeye, mkewe Lila na mwanawe Justin wanakaa chini, miye na Vuai, mtoto wa marehemu dada yangu, tunakaa juu, na choo ni kimoja. Kwa hiyo mtu asije akaniambia simjui. Namjua mpaka anavyokohoa. Na nasema mbele yake na nyuma yake: mtu mzima anayeamini neno la Mwingereza kwa sababu tu limepigwa taipu, huyo kichwani mna maji.

Mgoa wa watu kazaliwa Unguja, pale Vuga, akawa karani wa forodha. Mapinduzi yalipokuja akahamia Nairobi na pasipoti yake ya Kiingereza, anaitunza kuliko rozari. Huko nako akapata ukarani. Halafu ikafika ile Februari ya sitini na nane, habari zikaenea kwamba serikali ya huku inataka kuwafungia mlango wenye pasipoti kama yake. Watu walikimbilia uwanja wa ndege, wengine wameacha sufuria jikoni. Na Bwana Francis, je? Alikuwa anamalizia notisi ya kuacha kazi!

"Pasipoti yangu ni halali, Bi Sheikha," alinieleza baadaye. "Sikuona sababu ya kukimbia."

Alipomaliza hiyo notisi yake, sheria ilikuwa imeshapitishwa. Pasipoti ni ile ile, jina ni lile lile, lakini sasa haimwingizi mtu bila vocha, kile kibali chao cha kuingilia, na vocha ina foleni. Akakaa Nairobi miaka miwili bila kazi, anasubiri, huku waliokimbia wameshafungua maduka hapa Landani na wananenepa. Ungedhani mtu kama huyo atakuwa amepata somo. Thubutu!

Alipofika akaajiriwa kiwandani kufunga maboksi. Hakulalamika, hilo nampa. Matumaini yake yote yalikuwa kwa Justin, kijana wa miaka kumi na sita, na kwa mpira wa magongo kijana yule alikuwa hatari. Wagoa na mpira huo tena! Baba mtu aliucheza Unguja mpaka akapasuka nyusi. Gongo lake lilikuja na ndege limefungwa shuka, na Lila akaambiwa aiache cherehani yake Nairobi, mizigo imezidi.

Hapa mtaani palikuwa na Tarsem Singh, Singasinga wa Kisumu, konda wa basi. Alianzisha timu ya vijana wetu hawa wanaoshuka na ndege kila siku. Walicheza kwenye kiwanja cha tope, si ile ardhi ngumu waliyoizoea kwao. Nauli alitoa Tarsem mfukoni mwake, na mchezo ukiisha kila mmoja alipata sambusa za mkewe. Justin alifanya nao mazoezi mara mbili tu, Tarsem akawa hana usingizi kwa furaha. Alikuja kwetu kusema amepata mshambuliaji wa kati.

Ndipo Bwana Francis akasikia habari za chuo. Chuo cha ufundi, jina silitaji, kisije kikapata umaarufu bure. Kila mwaka kilikuwa kinasomesha bure vijana wachache wanaojua magongo, ili waichezee timu ya chuo. Justin alitaka uhandisi, baba yake hana ada, njia ilikuwa hiyo moja. Lakini palikuwa na kanuni. Chuo hakimtaki kijana aliyewahi kuchezea klabu inayowapa wachezaji wake chochote, hata nauli. Huyo kwao ni mchezaji wa kulipwa.

"Hata sambusa?" nikamuuliza.

"Nilikwenda kuwauliza mwenyewe," akanijibu, uso mkavu. "Hata sambusa."

Mtume! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Watoto wana tope mpaka masikioni, mmoja anachezea viatu vya shule, ati wachezaji wa kulipwa!

"Bwana Francis," nikamwambia, "mwache mtoto acheze. Hao wakimtaka watamchukua, wasipomtaka watatafuta sababu nyingine."

Hakusikia. Alimtoa Justin siku ile ile. Na kwa kuwa ni karani, na watu wetu wakiona tai wanadhani wameona akili, wazazi wengine nao wakawatoa watoto wao. Timu ikabaki na vijana saba. Tarsem wa watu akapita mlango kwa mlango kuomba wachezaji. Alipofika kwetu nikampa Vuai, ambaye gongo alikuwa hajalishika maisha yake. Kazi yake ilikuwa kupiga mpira wa miguu na kuvunja vioo vya watu.

Miaka miwili, jamani! Miaka miwili Justin yuko uani anapiga mpira ukutani, peke yake. Pa! Pa! Pa! Na miye nimetoka zamu yangu ya dobi hospitali, nataka kulala. Baba mtu kasimama mlangoni anamrekebisha mkono. Jumamosi Vuai akirudi, jicho limevimba, tope mpaka kwenye meno, Justin anamngojea ngazini. Nani kafunga? Nani kamkaba nani? Aliumia? Siku moja Vuai akamletea sambusa, kaificha mfukoni. Justin akaishika, akainusa, akamrudishia. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Nikasonya, nikaingia ndani, maana ningebaki pale ningemtukana baba yake.

Basi, mwaka wa sabini na mbili chuo kikafungwa na kila timu waliyokutana nayo. Ikawa aibu. Wakubwa wakakaa kikao, wakaifuta ile kanuni. Ikawa sasa ruhusa kwa yeyote, kapewa nauli, kapewa mshahara, madhali anajua mpira. Tena wakamtuma mtu wao, kocha wa timu ya chuo, aje mpaka kwenye tope la Tarsem kuwatazama wale wale waliowaita wa kulipwa! Akawaita watano kwenye majaribio, Vuai mmoja wao. Bwana Francis alikwenda chuoni mwenyewe kumwombea Justin nafasi, akapewa.

Asubuhi ya majaribio alipiga pasi kaptula ya Justin, akaipiga tena. Akavaa suti yake ya forodha. Niliwafuata kwa ajili ya Vuai.

Walipopewa mpira mmoja mmoja, Justin alikuwa hana mfano. Hata miye nisiyejua mchezo nilijikuta nimesimama. Kisha wakapangwa timu mbili wacheze. Beki wa kwanza aliyemjia, pande la mtu, Justin akafumba macho. Wallahi alifumba macho! Ule ukuta wa uani haujapata kumjia mbio hata siku moja. Mpira ukachukuliwa. Ukachukuliwa tena, na tena. Na Vuai wangu, ambaye hata kulishika gongo hajui sawasawa, alipenya katikati yao kama kina mama sokoni siku ya kuamkia Idi.

Walipomaliza, yule kocha akamjia Bwana Francis, akamuuliza mwanawe kachezea klabu gani.

Bwana Francis akajinyoosha. "Hakuna, bwana," akasema kwa Kiingereza chake cha forodha. "Hata moja. Miaka miwili hajapokea chochote kwa mtu yeyote."

Alisema kwa fahari, maskini. Mzungu akamtazama kama haelewi. Akasema kijana ana mkono mzuri, bahati mbaya wanataka waliozoea mechi za klabu. Bwana Francis akamsomea ile kanuni kwa kichwa, neno kwa neno.

"Ah, ile," akasema Mzungu. "Ile tumeiacha."

Akaenda zake. Tumeiacha! Kama mtu anayekwambia ameacha sukari kwenye chai. Sijapata kuwachukia watu kama nilivyowachukia wale siku ile, na hali wamemchukua mtoto wangu.

Ndiyo, walimchukua Vuai na wenzake wawili. Nilifurahi, sisemi uwongo. Lakini waliosema sambusa ya Tarsem ni mshahara walimnyang'anya wachezaji wake bila hata kumpa mkono. Timu yake ikawa haitimii tena.

Jumamosi iliyofuata Tarsem akagonga mlango wetu, mfuko wa magongo begani.

"Bwana Francis, nipe Justin," akasema. "Leo tuna mechi na watu hawatoshi. Nakuomba, ndugu yangu."

Bwana Francis akasimama pale koridoni akafikiri. Yarabi, akafikiri!

"Ngoja kidogo, Bwana Tarsem," akasema. "Jumatatu nitakwenda kuwauliza chuoni. Mwakani anaweza kujaribu tena, na kama wakiirudisha ile kanuni..."

Nikafungua mdomo. Yote niliyoyameza miaka miwili yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Lakini Justin alitokea nyuma ya baba yake, kashika gongo lake. Alivaa koti la kiwandani. Wiki ile alikuwa ameanza kazi ya kufunga maboksi, pale pale kwa baba yake, na siku hiyo alikuwa anakwenda ovataimu. Hakupiga kelele. Akaliweka lile gongo mikononi mwa baba yake.

"Kacheze wewe, Baba," akasema. "Mimi nimeshangoja vya kutosha."

Akapita kati yangu na Tarsem, akaelekea kituo cha basi. Bwana Francis akabaki na gongo mkononi, analitazama. Halafu akamgeukia Tarsem, na kwa ile sauti ya mtu aliyesimama mbele ya dirisha la ofisi, akamuuliza, "Umri wangu unaruhusiwa?"