Klunen, Kitenzi Alichokikwepa Ymkje

Ymkje Hoekema alikuwa mtafuta asili ya vitenzi, na kazi hiyo aliifanya kwa ukaidi wa punda. Sisi wenzake pale ofisini, tulikotunga kamusi mjini Leeuwarden, tulimwogopa. Ukimwambia kitenzi fulani cha Kiholanzi kimetoka Ufaransa, anakutazama juu mpaka chini: "Nani kakwambia? Kilizaliwa kwa nani, kikalelewa wapi?" Na ole wako usiwe na jibu.

Kimoja tu alikikwepa: klunen. Ni kule kutoka kwenye barafu na kutembea nchi kavu bila kuvua viatu vya kutelezea. Chini ya madaraja barafu huwa nyembamba, kwa hiyo wanakijiji hutandika mazulia ya sebuleni kando ya daraja, watu wapite juu yake, washuke tena ng'ambo. Neno ni letu Wafrisia, watu wa kaskazini mwa Uholanzi, sisi husema klune. Waholanzi wamelidaka juzijuzi tu, mbio zetu za barafuni zilipoonyeshwa kwenye televisheni, na sasa wanajidai nalo. Mimi linanikera mpaka leo.

Tulijua kwa nini analikwepa. Baba yake, Sjoerd, fundi wa mapaa, alikuwa na kile kiburi cha wanaume wa kijijini kwao: zulia ni la wazee na wajawazito, mwanamume anainama anapita chini ya daraja. Siku moja barafu ikapasuka, asitoke hai. Ymkje alikuwa mtoto wa miaka tisa, amesimama pale pale ukingoni, anaona.

Sasa alikuwa anastaafu, na herufi K ya kamusi ilikuwa inakwenda kwa mpiga chapa. Asipoandika yeye, angeandika mwenzetu Durk, na Durk huyo, jamani, mzembe kupindukia.

"Niachie mimi, bibie," Durk alimwambia, mdomo umejaa keki ya kumuaga. "Nitaokota mfano wowote gazetini."

"Koma! Okota makombo yako kwanza."

Akaketi. Akaandika asili: Kifrisia, zamani pengine kutembea kwa vishindo. Ikabaki sentensi ya mfano, ambayo kwetu lazima itoke kinywani mwa mtu, pamoja na jina lake, mahali na mwaka. Alikaa mpaka kahawa ikapoa. Kisha akanipa karatasi bila kunitazama, akaenda kuchukua koti lake.

"Baba, usipite huko! Klune, baba, klune!" Msemaji: Y. Hoekema, darajani, Februari 1954.