Skuta Iliyolala Sebuleni

"Mama Mdogo, hii ikikimbia kwa nguvu zake zote, inaweza kufika wapi?"

Hilo ndilo swali nililomwuliza mdogo wake mama yangu, siku skuta yake ilipolala sebuleni kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekipanda kiti chake, miguu inaning'inia, mikono imeng'ang'ania usukani, naunguruma kwa mdomo mpaka mate yanaruka. Alicheka, akanishusha, akasema nimpe nafasi aende akajaribu kwanza, halafu atakuja kunipa jibu lililonyooka. Nami mtoto, nikakaa kungoja.

Mtaani walimwita Bi Nyoosha. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi, nyuma ya soko, na mkunjo kwake ulikuwa kama tusi. Ukikaa naye benchi moja, kabla salamu hazijaisha ameshakuweka kola sawa. Watani wake walisema siku akipitisha mkono kwenye paji la uso la mzee, mzee huyo atakwenda kuposa tena.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazamana na ukuta wa ghala, karibu kiasi kwamba ukitoa mkono unagusa tofali. Hapo alisimama tangu alipomaliza shule. Shati mezani, kola kwanza, ndani kisha nje, halafu mabega, halafu mikono, kifua mwisho, ncha ya pasi ikizunguka vifungo taratibu kama mtu anayemfuta mtoto uso. Mvuke ulipanda, ukatafuta pa kutokea, ukakosa, ukarudi kumkalia kichwani. Mkononi alikuwa na kovu refu la pasi, na alipoulizwa lilipatikanaje alisema hiyo ni saini ya tajiri wake.

Siku moja akaja pale kwa dobi mwanamke mrefu wa maneno machache. Alikuwa msimamizi wa nguo katika nyumba ya wageni iliyofunguliwa ng'ambo ya kilima, penye njia panda. Aligeuza kola ya shati moja, akaitazama, akaigeuza tena, akauliza ni mkono wa nani. Walipomwonyesha, alimvuta Mama Mdogo pembeni akamweleza kwamba kule wanatafuta mpiga pasi mkuu, na chumba chenyewe kina madirisha pande mbili. Tatizo ni kwamba mtu lazima afike kabla wageni hawajaamka, na alfajiri hakuna gari linalopanda kilima.

"Ukipata usafiri wako," alimwambia, "njoo nikuone."

Madirisha pande mbili! Mama Mdogo alirudi nyumbani akiyamumunya maneno hayo kama peremende, wala hakumgawia mtu. Alijinyima, akajibana, akavaa kandambili zilizoshonwa kwa waya, mpaka siku akaenda kwa fundi pikipiki wa barabara ya juu na kumwambia anataka chombo kidogo, cha kumtosha yeye peke yake.

Fundi alimtolea skuta kuukuu, rangi ya chai ya maziwa, taa ya mbele imepasuka kidogo kama jicho linalokonyeza. Alimsifia injini, breki, tairi, akaapa kwamba aliyekuwa nayo zamani alilia siku ya kuiuza. Mama Mdogo alijifunzia kwenye uwanja wa shule. Siku ya kwanza aliingia kwenye ua wa michongoma, ya pili akaukwepa, na ya tatu alizunguka uwanja mzima huku upepo umemjaa ndani ya blauzi, imevimba mgongoni kama puto. Alimwambia mama yangu baadaye kwamba tangu azaliwe, huo ulikuwa upepo wa kwanza ambao haukupitia dirishani kwa mtu.

Sasa sikiliza kosa lake, maana kosa lenyewe hata wewe ungelifanya.

Alipoingia nayo mtaani, watu walitoka. Mtu akipata kitu kipya, kiwe nyumba, redio au mtoto, majirani humwambia hongera, naye hujibu, "Ahsanteni, ni chetu sote." Ndivyo tulivyolelewa. Ukinyamaza utaitwa mwenye majivuno, na ukisema "ni changu" hutapata mtu wa kukuzika. Ni neno la adabu tu, na kila mtu analichukua kama anavyochukua "karibu chakula", anashukuru na kuendelea na safari yake.

Mama Mdogo akasema, "Ahsanteni, ni chetu sote."

Bahati mbaya, kaka yake mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Mjomba huyu aliuza viatu vya mitumba karibu na stendi ya mabasi, na tangu babu alipofariki yeye ndiye aliyekuwa na sauti ndani ya nyumba. Alikuwa mtu wa kushika maneno ya watu. Aliyatunza kama viatu vyake, kila moja na mwenzake, na siku ukihitajika kulivaa la kwako alilitoa likiwa limeng'arishwa.

"Mmesikia wenyewe," aliwaambia majirani, na akapapasa kiti cha nyuma kuona kama ni laini.

Mdomo uliponza kichwa. Asubuhi iliyofuata Mjomba alipanda nyuma, gunia la viatu mapajani, akapelekwa stendi. Jioni akafuatwa. Mama Mayai, jirani yetu wa mlango wa pili, akaanza kuletewa trei zake za mayai kutoka kwa muuza jumla, kwa sababu skuta haitikisi kama mkokoteni. Bibi yangu, mama yake Mama Mdogo, ambaye goti lilikuwa likimsumbua, akagundua kwamba goti hilo linapenda sana kupanda skuta. Kila mmoja aliomba kwa upole. Kila mmoja aliomba safari moja tu, "hapo tu mara moja", na hizo "hapo tu" ziliunganika zikawa siku nzima.

Lakini kilichomkaba kuliko vyote kilikuwa ile sebule. Nyumba yetu ina vyumba vitatu vilivyopangana kama mabehewa, na mlango wa kutokea mmoja. Kwa kuhofia wezi, skuta ililala sebuleni, kati ya kochi na pipa la maji, kitambaa chini yake kikidaka matone ya oili. Ili itoke, kochi lisogezwe, mjomba mdogo, ndugu yao wa mwisho, aliyelala mkekani, akunje miguu, komeo lifunguliwe, na komeo letu lilikuwa likilia kama jogoo. Zamani, kwa miguu, Mama Mdogo aliweza kuchepuka. Angevaa kandambili zake na kutokomea kabla hujamaliza kupiga mwayo. Lakini nani anayechepuka na skuta? Kila alipoigusa tu, sauti zilitoka vyumba vyote vitatu zikimwuliza anaelekea wapi, na kama anapita upande fulani.

Mle kwa dobi alikuwa amefungiwa na ukuta mmoja. Nyumbani sasa alikuwa amefungiwa na tairi mbili.

Hatimaye yule msimamizi akatuma ujumbe. Jumamosi kuna wageni wa mkutano, mashati ni mengi, aje alfajiri aonekane mkono wake. Akifaulu, kazi ni yake. Akichelewa, kuna mwingine wa akiba.

Mama Mdogo hakumwambia mtu. Ijumaa alilipaka komeo mafuta ya cherehani. Alisogeza kochi mapema akidai anafagia. Alimpa mjomba mdogo mto wa pili alale upande wa pili wa chumba, naye akashukuru sana, hajui anashukuria nini. Alipiga pasi blauzi yake nyeupe mpaka ikaweza kusimama bila mtu.

Alfajiri aliamka kabla ya jogoo. Alivaa gizani. Komeo halikulia. Aliisukuma skuta taratibu, pumzi ameishika, gurudumu la mbele likavuka kizingiti, na moyo wake ukaanza kupanda kilima kabla yake. Kisha ncha ya usukani ikagusa mfuniko wa pipa la maji. Ulikuwa mfuniko wa bati. Ulianguka, ukasimama kwa ukingo, ukazunguka sebule nzima ukipiga kelele kama unaitangaza harusi, na ulipotulia, taa za vyumba vyote zilikuwa zimewaka.

Mjomba alitoka amejifunga shuka, anajikuna kifua. Alisema afadhali, maana leo kuna mzigo mkubwa na alikuwa akiwaza ataufikishaje stendi. Nyuma yake Bibi alitoka ameshika ukuta. Goti lilikuwa limevimba usiku, limekuwa kama papai. Na nje, mlangoni, Mama Mayai tayari alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliposikia bati alijua Bi Nyoosha anatoka.

"Kaka," alisema Mama Mdogo, "leo naenda kwenye jambo langu."

"Lako lipi?"

"La kazi. Ng'ambo ya kilima."

Mjomba hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Nenda, mdogo wangu. Nani amekuzuia? Nenda. Ila chombo si ulisema ni chetu?"

Walimtazama wote. Bibi alilishika goti lake. Mama Mdogo alikuwa na ufunguo mkononi, na mkono ulikuwa wake. Angeweza kusema hapana. Alilitafuta neno hilo akalikuta, fupi, liko pale pale kwenye ulimi, lakini kila alipotaka kulitoa aliona sura ya mama yake, na neno likarudi ndani kama kobe.

Akapiga kiki.

Alimpeleka Mjomba stendi. Alirudi akambeba Bibi mpaka zahanati, na kwa kuwa Bibi alikuwa na mazoea ya kusimulia ugonjwa tangu mwanzo wa dunia, wakakaa kwenye benchi huku jua likipanda ukutani. Alimrudisha, akamlaza. Kisha akaenda kwa muuza jumla kumchukulia Mama Mayai trei zake, nayo mayai yakaharibika kwenye kona ya soko, mbwa alipokatiza mbele yake. Aliposhika breki, trei ya juu ilimwagikia ile blauzi nyeupe. Mama Mayai, kwa haki, alimpa pole kabla ya kuyalilia mayai.

Alipofika ng'ambo ya kilima, jua lilikuwa limeshaegemea upande wa pili. Msimamizi alimpokea vizuri, akampa maji ya kunywa, akamwonyesha chumba. Ni kweli, kilikuwa na madirisha pande mbili. Upepo uliingia kwa moja ukatokea kwa jingine bila kumwomba mtu ruhusa, na mashati yaliyokwisha kunyooshwa yalitikisika kwenye kamba kama yanapumua. Msichana mmoja alikuwa anamalizia la mwisho. Mama Mdogo aliitazama kola yake, akaona alianzia nje badala ya ndani.

"Ningekusubiri," msimamizi alisema, "lakini mashati hayasubiri."

Wakati wa kurudi alisimama juu ya kilima akazima injini. Upande mmoja barabara ilishuka nyumbani. Upande mwingine, pale njia panda, iliendelea, nyeusi, safi, mpaka mahali ilipoonekana nyembamba kama uzi. Mafuta yalikuwamo. Nyuma yake hapakuwa na mtu, kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa shule. Alikaa hapo akiusikia ule upepo.

Ndipo likamjia jambo ambalo halikuwa limemjia alfajiri yote. Angeweza kuiacha ile skuta palepale sebuleni, awaachie na ufunguo wake, apande kilima kwa miguu. Kwa miguu, kwa siku ile moja, angefika mapema.

Kisha akakumbuka kwamba Mjomba anasubiri stendi na gunia lake. Akageuza.

Miaka imepita. Bado anapiga pasi kwa dobi, bado anatazamana na tofali. Injini ya skuta imefunguliwa na kufungwa mara nyingi, na taa iliyokuwa ikikonyeza sasa imefumba jicho kabisa. Mjomba amenenepa, kwa hiyo kilima kidogo tu kinaifanya ikohoe. Mama Mayai ameongeza na kuku. Bibi hashuki tena kitandani bila kuuliza kwanza kama chombo kipo.

Jana nilimkuta sebuleni anaifuta vumbi. Mimi sasa miguu yangu inagusa chini, nimebakiza muhula mmoja nimalize shule, naye ameahidi kunifundisha kuiendesha, ingawa kila siku ya kunifundisha hutokea mtu wa kupelekwa. Nilimsogezea ndoo. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: kiti upande wa mbele, anapokaa yeye, ngozi bado nzima. Upande wa nyuma, kwa magunia na trei na uzito wa watu, imechakaa, imechanika, sponji inachungulia.

Nikamkumbusha lile swali langu. Nilidhani amelisahau. Alikikamua kitambaa, akakikunjua, akakinyoosha kwa kiganja juu ya goti mpaka kisibaki na mkunjo hata mmoja. Chumbani Mjomba alikuwa anavaa viatu, tunamsikia.

"Inafika mbali sana, mwanangu," alisema. "Inafika popote anapokwenda mtu mwingine."