Ini la Ukutani

Fundi wa mabango wa mtaa wetu tunamwita Mistari, kwa kuwa huchora mstari ulionyooka bila rula, na ukimwita kwa jina alilopewa na mama yake hageuki. Popote utakapoona mkasi wa kinyozi au ng'ombe wa bucha ukutani, ujue mkono wake umepita. Kazi anaijua. Shida ni kwamba anajua kuwa anaijua, na mtu wa namna hiyo kumwambia kitu ni kujichosha bure.

Shule ya sekondari ilipotaka picha ya mwili wa binadamu kwenye ukuta wa nje wa maabara, ikamwita yeye. Mwalimu wa biolojia, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimpa binti wa Mistari, mwanafunzi wake, kazi ya kumwelekeza baba yake. Binti huyo ndiye aliyekuwa akiongoza darasa, na mwalimu alikuwa karibu kuchagua mwanafunzi mmoja wa kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya sayansi. Msichana aliitamani nafasi ile mpaka chakula kikawa hakishuki kooni.

"Ini liko kulia, baba, chini ya mbavu," alimwambia. "Ndilo linalosafisha damu na kutunza sukari. Mfuko wa chakula uko kushoto. Moyo uko katikati, ila umeelemea kushoto."

Mistari akajishika mbavu zake za kulia, akaukabili ukuta, akalichora ini upande ule ule wa mkono wake wa kulia. Alisahau jambo moja. Herufi za bango hazina kulia kwazo zenyewe, lakini mtu uliyemchora anakutazama usoni, na kulia kwako ni kushoto kwake. Ini likatoka zuri, jekundu la kuiva, limekaa upande usio wake. Moyo nao ukaelemea kulia kwa mtu huyo, na mfuko wa chakula ukakaa huko huko.

Wakati wa mapumziko binti alikuja na wenzake wawili. Akasimama, akatazama, akasema polepole, "Baba, huyu mtu si anatutazama sisi? Basi kulia kwake ni huku."

Alisema kwa adabu zote. Lakini wenzake walikuwa wanasikiliza, na Mistari akajiona kama amevuliwa shati hadharani.

"Wewe juzi tu nilikuwa nakufunga kamba za viatu," alisema. "Leo unanifundisha kulia na kushoto? Nenda zako darasani."

Binti akaenda. Mistari akapanda ngazi.

Haikupita muda mwalimu akalitoa darasa zima nje kuja kuiona picha. Mistari alikuwa bado juu, anaandika neno "figo". Mwalimu akasogeza miwani. Wanafunzi wakaanza kupigana viwiko, mmoja akaangua kicheko, wengine wakadakia.

Mwalimu akamgeukia binti. "Ulimwambia fundi ini liko upande gani?"

Binti alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilichanganya, mwalimu. Nilimwambia vibaya."

"Wewe?"

"Mimi, mwalimu."

Mwalimu akainua macho akamtazama Mistari pale juu, muda wa kutosha mtu kutamka neno. Neno lenyewe Mistari alikuwa nalo kooni. Moyo ulimdunda, ukasukuma damu yote usoni mpaka masikio yakawaka moto. Kila kiungo chake kilifanya kazi yake isipokuwa ulimi. Akaugeukia ukuta, akaendelea na figo zake. Wanafunzi wakaondoka wakimtania mwenzao, "Daktari wa kushoto."

Aliishuka ngazi ile kama mgonjwa. Aliona haya, haya ya kumfanya mtu asijue aiweke wapi mikono yake. Mtoto alikuwa amelibeba kosa lake mbele ya watu ili yeye asiumbuke, na yeye, mtu mzima na ndevu zake, alimwachia alibebe. Alitaka kuchukua makopo yake aondoke asionekane tena pale. Badala yake miguu ikampeleka mlangoni pa ofisi ya walimu, mikono imejaa rangi.

"Mwalimu, mtoto aliniambia sawasawa," alisema. "Nilipokosea akanirekebisha, nikamfukuza. Nakuomba usimnyime nafasi yake."

Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Simnyimi, fundi. Mtoto yule hawezi kukosea ini. Nilikutazama pale juu nikidhani utasema."

Mistari alikuwa amejiandaa kufokewa, na kufokewa angekumudu. Hili hakuwa na pa kuliweka. Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akatoka.

Masomo yalipokwisha, binti alikuja kumshikia ngazi kama kawaida yake. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Mistari zaidi. Alikuwa ameshapaka nyeupe juu ya ini, mfuko wa chakula na moyo, na mtu wa ukutani amebaki na kifua kitupu.

"Simama mbele yangu hapo, mama," alimwambia, bila kuthubutu kumtazama usoni. "Nionyeshe moyo."

Binti akaupa ukuta mgongo, akaweka kiganja kifuani, kushoto kidogo. Mistari akakitazama kiganja kile. Brashi iliyojaa rangi ikabaki hewani, yeye ambaye hahitaji rula asijue aanzie wapi mstari.

"Nisamehe, mwanangu."

"Rangi inakudondokea miguuni, baba," binti alisema, akampokea kopo.