Nyuzi za Nikeli na Sauti ya Baba

Msinicheke kabla sijamaliza. Tangu baba atuache, nimetamani sana kusikia gitaa lake la umeme likilia vile alivyolipiga yeye, tamu, bila kukwaruza masikio. Fundi mmoja hapa Nakuru akanishauri, "Boss, weka nyuzi nyembamba za nikeli tupu. Hizi zingine ni kelele tu."

Nikaziagiza, nikazifunga mwenyewe, nikamtangazia kila mtu kanisani kwetu Bahati, hata pasta.

Jumapili sifa zilipopamba moto nikafumba macho, nikapiga. Wacha! Alikuwa baba mwenyewe. Mama, kwenye kiti cha mbele, akalia, "Huyo ni mzee wangu kabisa!" Machozi yakanitoka, ikabidi nisimamishe mkono nijifute.

Gitaa likaendelea kulia.

Nikageuka. Mpiga kinanda alikuwa amebonyeza sauti ya gitaa kwenye kinanda chake, anacheza huku akinitazama. Waya wa kuunganisha gitaa langu na spika ulilala sakafuni, haujachomekwa popote. Kanisa zima lilikuwa linacheka. Mama tu ndiye alikuwa bado amefumba macho, kwa hivyo nikarudisha vidole kwenye nyuzi.